Chuoni Hufuatwi: Kwa Kijana Anayeshuka Rondo Kuanza Mwaka wa Kwanza

Kijana aliyemaliza kidato cha sita amelelewa kwa kufuatwa. Kengele ya alfajiri inamfuata kitandani, mwalimu wa zamu anamfuata darasani, kiranja anamfuata bwaloni, na jina lake lisipoitikiwa kuna mtu ataulizwa. Awe amesoma Seminari ya Rondo juu mlimani au sekondari ya serikali Lindi mjini, hilo halibadiliki. Kisha mwezi wa kumi au wa kumi na moja anaingia mahali ambapo anaweza kukosa vipindi wiki tatu mfululizo bila mtu kugonga mlango wake. Wa kwanza kumgongea yatakuwa matokeo.

Ushauri wangu wote umo katika jambo hilo moja: chuoni hufuatwi, kwa hiyo yafuate mambo yako mwenyewe, tena mapema. Kwa kijana wa kwetu hilo lina ugumu wake. Kwetu mtoto mwenye adabu ni yule asiyesumbua wakubwa: anasalimia, ananyamaza, anangoja aitwe. Adabu hiyo ni njema, usiiache Rondo. Ila ujue kwamba chuoni kunyamaza kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa matokeo yanapobandikwa.

Kabla hujapanda basi

Kazi ya mwaka wa kwanza huanza ukiwa bado nyumbani, na kubwa ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, kabla ya kuomba mkopo, maana Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukitaka kikiwa kimehakikiwa. Kama jina la cheti linasema hivi na la kidato cha nne linasema vile, anza kulishughulikia leo. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu inakutaka uthibitishe kimoja tu, tena ndani ya muda uliotangazwa. Walioacha muda ukapita kwa sababu laini ya simu ilikuwa ya mjomba si wachache. Tumia laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na usiibadilishe mpaka umesajiliwa chuoni.

Toa nakala za kila karatasi, kisha zipige picha na uzitume kwenye barua pepe yako. Begi likipotea stendi, vyeti vyako viwe na pacha mahali ambapo mwizi hafiki.

Safari nayo usiipange ya kufika siku ya mwisho ya usajili. Kutoka Lindi mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na kabla ya hapo una barabara ya kushuka mlima ambayo ikinyesha inateleza. Njia yetu kuu ni moja: Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa pale Rufiji, Kibiti, Mbagala. Mwezi wa tano 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na abiria wakakwama. Anayekwenda Morogoro au Dodoma huongeza siku nyingine juu ya hiyo. Kwa hiyo toka siku tatu au nne kabla, na kila likizo rudi chuoni kabla ya wiki ya mitihani. Msimamizi wa mtihani hana habari na Somanga.

Boom na korosho

Pesa ndiyo inayovuruga wengi, na wengine haiwavurugi kwa uchache wake. Inawavuruga kwa jinsi inavyokuja: mara moja, nyingi, kisha kimya.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi humpa mnufaika aliyepangiwa kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku. Wanafunzi wanaiita boom. Haiji kila siku, huja kwa mkupuo wa siku kama 60, nawe unasaini ndipo inaingia benki. Tufanye hesabu ya mkupuo mmoja: siku 60 mara 10,000 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika hata laki mbili zilizo zake anaiona laki sita na macho yanamtoka. Wiki ya kwanza ananunua simu ya laki tatu. Tayari ameshakula siku thelathini.

Fanya hivi. Siku boom inapoingia, kabla hujatoa hata senti, igawe kwa siku. Tuseme milo yako mitatu pamoja na maji ni shilingi 6,000: siku 60 ni 360,000. Zinabaki 240,000 za kitanda, nauli, vocha, sabuni, kutoa nakala na dharura. Ile ya chakula iache benki au kwenye akaunti ya simu usiyoizoea, na kila Jumatatu utoe ya wiki, shilingi 42,000. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi utapika uji. Utajifunza haraka.

Na mkupuo unaofuata usiutegemee siku ya 61. Majina huchelewa, akaunti hukosewa namba, wewe mwenyewe waweza kuwa hukusaini. Weka akiba ya chakula cha wiki mbili usiyoigusa kwa jambo lolote jingine. Akiba hiyo ndiyo itakayokukinga na mikopo ya kwenye simu, ile ambayo ukichelewa siku mbili wakopeshaji wanawapigia ndugu zako wote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kubeti nako sihitaji kukueleza. Muulize yeyote anayeomba sahani ya wali kwa mwenzake ile boom yake ya kwanza ilikwenda wapi.

Usipoona jina lako katika orodha ya kwanza ya mkopo, usifunge begi. Majina hutolewa kwa awamu, na baada ya hapo Bodi hufungua dirisha la rufaa. Anayekata rufaa kwa vielelezo, kama cheti cha kifo cha mzazi au barua ya hospitali, anasikilizwa kuliko anayelalamika kantini. Kila chuo kina afisa mikopo: mjue kwa sura wiki ya kwanza. Kumbuka pia kwamba mkopo ni deni. Ukiajiriwa, sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi hadi deni liishe.

Sasa pesa ya nyumbani. Rondo na Lindi nzima, pesa ya mwaka ina miezi yake: ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Vyuo navyo hufunguliwa Oktoba na Novemba, na watu husema, korosho zikiuzwa ada imepatikana. Lakini kati ya mnada na pesa kuingia kwa mkulima zipo siku, na ipo misimu ambayo siku hizo hugeuka miezi. Msimu wa 2018/19 wakulima walikataa bei za minadani, serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo kwa muda mrefu. Mzazi aliyekuwa amepanga ada ya Novemba kwa korosho ya Novemba alibaki na stakabadhi mkononi. Kwa hiyo pesa ya kuanzia chuo itokane na ufuta wa Juni na Julai kama upo, na korosho iwe ya muhula wa pili. Kama pesa yote ni ya korosho, nenda ofisi ya fedha ya chuo mapema ueleze. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Wanaofungiwa mtihani ni wale ambao ofisi haijawahi kuwaona.

Darasani hakuna ubao wa kunakili

Shida ya pili ni mihadhara. Unaingia ukumbini mko mia tatu, mhadhiri anazungumza Kiingereza saa nzima, haandiki chochote cha kunakili, anataja vitabu vitano, anaondoka. Umesoma masomo yako kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, lakini mwalimu wako alikuwa akikugeuzia Kiswahili mambo yakikaza. Hapa hageuzi mtu. Aliyetoka shule kubwa za Dar anaitikia kwa kichwa, nawe unadhani ni wewe tu uliyeachwa. Hapana, nusu ya ukumbi haijaelewa. Tofauti itaonekana jioni, kwa nani atakwenda kutafuta na nani atangoja madesa, yaani maandishi ya somo yaliyoandikwa na wenzake.

Madesa ni mali, usiyadharau. Lakini desa limeandikwa na mtu aliyeelewa kwa namna yake, tena pengine miaka minne iliyopita. Litumie kukumbuka, usilitumie kujifunzia. Njia inayofaa ni kupitia mada dakika ishirini kabla ya kipindi, hata kama utaambulia maneno tu. Utakapoyasikia ukumbini hayatakuwa mageni. Usiku wa siku hiyohiyo, andika mada nzima kwa maneno yako nusu ukurasa, na usiposhindwa na Kiingereza andika kwa Kiingereza. Ukishindwa, andika kwa Kiswahili kwanza uone kama umeelewa. Asiyeweza kulieleza jambo kwa Kiswahili hajalielewa, Kiingereza kinamfichia tu.

Chuo chenyewe kinategemea usome peke yako, na hesabu yake iko wazi. Katika utaratibu wa vyuo vyetu, krediti moja ni saa kumi za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukihudhuria saa tatu kwa wiki kwa wiki 15, umepata saa 45. Saa 75 zilizobaki ni zako: maktaba, kazi za nyumbani, semina, kujisomea. Hiyo ni saa tano kila wiki, kwa kozi moja. Una kozi tano? Ni saa 25 kwa wiki ambazo hazimo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huonekana una nafasi nyingi. Nafasi ile si ya bure, imeshapangiwa kazi.

Mahali pa kuzitumia saa hizo papo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, maktaba iliyofunguliwa Novemba 2018 ina nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja. Chagua kiti chako, chagua saa zako, na uende hata siku ambazo hujui utasoma nini. Bweni ni la kulala.

Alama huanza kuhesabiwa mapema

Katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, yaani majaribio, semina na kazi za kuandika, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho ambao wanafunzi wanauita UE. Chukua wanafunzi wawili, na tuseme ufaulu ni 40. Wa kwanza alichelewa kusajili kozi, akakosa jaribio moja, akaingia UE na 12 kati ya 40. Anahitaji 28 kati ya 60 ili afaulu tu. Wa pili aliingia na 26, naye anahitaji 14. Wameketi ukumbi mmoja, karatasi moja, lakini mmoja anafanya mtihani na mwingine anaomba Mungu. Tofauti hiyo waliifanya wiki ya tano na ya sita, wakati wengi bado wanasema muhula haujachanganya.

Usidanganyike pia na msemo kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu. GPA ya shahada huhesabu miaka yote. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu huanzia 3.5. Tuseme shahada yako ni ya miaka mitatu yenye krediti sawa, na mwaka wa kwanza ukatoka na 2.4. Ili uishie 3.5, unahitaji wastani wa 4.05 kwa miaka yote miwili iliyobaki. Inawezekana, wapo waliofanya, ila kazi yake ni kubwa kuliko kuamka wiki ya pili ya mwaka wa kwanza. Na sapu, yaani mitihani ya marudio, zikizidi unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni, mkopo nao ukasimama, maana Bodi humlipa anayeendelea na masomo.

Ukiugua wakati wa mitihani, nenda zahanati ya chuo na ofisini kabla ya mtihani, upate karatasi. Anayefanya mtihani akiwa na homa kisha akaja kueleza baada ya matokeo, hata mwenye huruma hana pa kumsaidia.

Kwenda ofisini

Hapa ndipo adabu ya nyumbani inapotumika vizuri au vibaya. Vibaya ni kunyamaza. Alama zako za jaribio hazionekani kwenye mfumo, unasema zitawekwa tu. Muhula unaisha, umeandikiwa hujakamilisha.

Vizuri ni kusalimia kisha kusema shida yako kwa ukamilifu, kwa maneno machache. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, namba yangu ya usajili ni hii. Alama zangu za jaribio la kwanza hazijaonekana kwenye mfumo, na karatasi iliyosahihishwa ninayo. Naomba kujua nije ofisini siku gani. Asante."

Umemheshimu, umejitambulisha, umetaja jambo moja, umeonyesha ushahidi, umeomba siku. Hana sababu ya kukuuliza "wewe nani tena?" Linganisha na "mambo dokta, alama zangu vipi". Asipojibu baada ya siku nne, nenda mwenyewe saa alizobandika mlangoni. Asipokuwepo, nenda kwa mkuu wa idara, nako kwa shikamoo ileile. Kila karatasi iliyosahihishwa itunze mpaka uhitimu.

Jambo moja sharti lisemwe wazi, hasa kwa mabinti, ingawa vijana wa kiume nao huguswa. Mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako akikutaka kimwili ili akufaulishe, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja. Usiende peke yako mahali asipopaswa kukuita, tunza ujumbe wake wote, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113. Heshima kwa wakubwa haijawahi kumaanisha hilo, si Rondo wala kwingine.

Chumba na watu wake

Vitanda vya ndani ya chuo havitoshi. Hata hosteli zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840, hazikumaliza haja. Omba kitanda siku mfumo unapofunguliwa. Ukikosa, usikimbilie kupanga chumba cha peke yako cha miezi sita kwa dalali wa kwanza; tafuta mwenzako, kione chumba mchana na usiku, ulizia maji. Kubebana kitanda kimoja kupo, na kumewasaidia wengi, ila wekeni masharti mapema: nani anazima taa, nani ananunua sabuni, mgeni analala au halali.

Utataniwa. Ukisema umetoka Lindi utaulizwa kuhusu Wamakonde na Wamachinga, na ukisema Rondo, mwenzako hatajua iko wapi. Mjibu kwamba ni mlima wenye msitu wenye komba wa aina ya pekee, jamii iliyopewa jina la Rondo katika vitabu vya sayansi, kisha mwendelee kula. Utani si vita. Atakayefanya utani kuwa dharau, mwepuke.

Tafuta watu wa aina tatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa darasani anayekuzidi, na mmoja wa mwaka wa tatu wa kozi yako. Wa nyumbani ni wa siku ya huzuni, wa darasani ni wa kila siku, wa mwaka wa tatu atakuambia kozi ipi inakata watu. Si kila kizazi kilikuwa na watu hao. Hayati Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, alikwenda kusoma Makerere, Uganda, kwa sababu Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kile cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kizazi cha Mkapa kilikuwa na wachache wa kuwauliza. Wewe unao, kwa hiyo waulize.

Kwa mzazi aliyebaki nyumbani

Mzazi, boom ya mtoto si mshahara. Akikutumia elfu hamsini ya bati, ujue ametoa boom yake ya siku tano, na hatakuambia. Mwache kwanza amalize. Usimwite katikati ya muhula kwa kila sherehe na kila kilio cha mbali. Mtume ndugu mwingine. Na ukimpigia simu, usimwulize tu kama anasoma, maana jibu ni ndiyo daima. Mwulize: "Umesaini? Jaribio la kwanza umepata ngapi? Leo umekula nini?" Anayeulizwa hivyo kila wiki mbili hawezi kupotea miezi mitatu bila nyumbani kujua.

Ukirudi mwezi wa saba

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, na maombi ya vyuo na mikopo hufunguliwa majira hayohayo. Wewe utakuwa umerudi likizo na mwaka mmoja kichwani. Watafute wanaokwenda, uwakalishe na mzazi wao, uwaambie kwa tarakimu: usajili ulidai nini, kitanda ni shilingi ngapi, boom yako ya kwanza iliingia wiki ya ngapi, kozi ipi ilikupa shida na uliitatua kwa nani. Kagua vyeti vyao majina yanavyoandikwa. Wape namba yako ya simu, na uwaambie kabisa kwamba wakipiga saa nne usiku kuuliza jambo dogo hutachukia.